Wanaotutabiria Hali ya Hewa (2): Zamu ya Usiku na Mkataba wa Mtabiri

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kampuni binafsi zinavyochukua vipimo vilivyokusanywa kwa fedha za umma, zikatengeneza utabiri na kuwauzia wateja. Leo tumtazame mfanyakazi anayeutengeneza. Mfano wetu ni Marekani, ambako biashara hii ni ya siku nyingi: AccuWeather, yenye makao yake Pennsylvania, ilianzishwa mwaka 1962 na Joel Myers alipokuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Penn State, na mteja wake wa kwanza alikuwa kampuni ya gesi.

Kazi hii haina usiku wala mchana. Maputo ya kupimia anga hurushwa sehemu mbalimbali za dunia mara mbili kwa siku, ili vipimo vipatikane saa 6 usiku na saa 6 mchana kwa saa za Greenwich. Kompyuta kubwa huvipokea na kuanza kupiga hesabu kwa modeli, yaani programu zinazoiga mwendo wa anga. Wakati wa baridi kule Pennsylvania, matokeo ya modeli ya Marekani huanza kuingia kama saa 4 na nusu usiku, na yale ya kituo cha utabiri cha Ulaya hufika baada ya saa 6 usiku. Mteja naye anataka jibu kabla ya alfajiri. Ndiyo maana sehemu ngumu ya kazi hufanyika wakati mtabiri amelemewa na usingizi.

Tuseme ni usiku wa Januari, na halmashauri ya mji inauliza kama iwaamshe madereva wa malori ya kumwaga chumvi barabarani. Modeli moja inaonyesha theluji, nyingine mvua. Mtabiri anafungua vipimo vya puto na kukuta, kama mita 1,500 juu ya ardhi, tabaka la hewa lenye joto la nyuzi 2 juu ya sifuri. Chini yake kuna hewa iliyo chini ya sifuri. Theluji ikipita kwenye tabaka hilo huyeyuka kuwa matone, na matone yakitua huganda papo hapo juu ya lami, nyaya za umeme na matawi ya miti. Hiyo ndiyo mvua inayoganda, adui mkubwa wa madereva. Nyuzi hizo 2 zisipokuwepo, inaanguka theluji ya kawaida. Modeli zikipingana namna hii, anayeweza kuamua ipi imekosea ni yule aliyekwisha kuona majira mengi ya baridi katika mabonde ya eneo hilo.

Je, ujuzi huo unalipwaje? Mtabiri wa serikali ya Marekani anayefanya zamu ya usiku huongezewa asilimia 10 ya ujira wake kwa saa za usiku, na asilimia 25 kwa zamu ya Jumapili. Kwa kampuni binafsi, sheria ya kazi ya nchi nzima, ya mwaka 1938, hailazimishi nyongeza yoyote ya usiku. Inadai malipo ya mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, lakini inawaacha nje wataalamu wengi wanaolipwa mshahara wa kuanzia dola 684 kwa wiki. Mwaka 2024 Wizara ya Kazi ilipandisha kiwango hicho. Mwezi Novemba mahakama ya Texas ikakifuta kiwango kipya. Kwa hiyo mtabiri aliyewekwa katika kundi hilo, akibaki kazini saa 4 zaidi kwa sababu ya dhoruba, huenda asiongezewe hata senti.

Kisha kuna mkataba. Katika sekta hii hutumika vifungu vinavyomkataza anayeacha kazi kujiunga na mshindani kwa muda fulani. California haivitambui, majimbo mengine mengi huviruhusu kwa masharti. Kwa mtu ambaye taaluma yake ina waajiri wachache, kifungu hicho kina maana ya kuhama mji au kuacha fani. Nakiona ni dhuluma, hasa kwa kijana aliyetoka chuoni juzi, ambaye anajua kuwa wanaoitaka nafasi yake ni wengi na kwa hiyo hathubutu kukataa kutia saini.

Na afya? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliitaja kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 kuwa huenda inasababisha saratani, na likarudia msimamo huo mwaka 2019. Zamu hizi haziwezi kufutwa. Zinaweza kupangwa vizuri: ratiba itolewe mapema, na anayetoka usiku apewe siku za kutosha kupumzika kabla ya kurudishwa mchana. Anayebadilishwabadilishwa kila wiki huchoka, akachakaa, akaondoka, na uzoefu wa mabonde yale ukaondoka naye.

Wateja wana nguvu hapa kuliko wanavyodhani. Halmashauri au kampuni ya reli inayonunua utabiri huuliza bei na kasi ya kuletewa taarifa. Iweke pia katika zabuni yake maswali haya: nani atakuwa kazini saa 9 usiku, amefanya kazi hiyo miaka mingapi, na kabla ya zamu hiyo amepumzika saa ngapi?