Wazoa Taka wa Kairo

Katika mji wa Kairo, nchi ya Misri, wapo watu waitwao Zabbaleen, yaani wazoa taka. Wengi wao ni Wakristo Wakopti. Baba na wanawe hupita mlango kwa mlango wakibeba takataka. Nyumbani mama na binti zake huketi chini wakizichambua kwa mikono: karatasi huku, chupa kule, mabati, plastiki, matambara, vyote vya kuuzwa. Vigae vya chupa na sindano huwachoma vidole. Mwaka 1971 Sista Emmanuelle, mtawa wetu Mkatoliki, alihamia kwao, akakaa kibandani. Makombo walilisha nguruwe. Lakini mwaka 2009 serikali, kwa kuhofia homa, iliamuru nguruwe wauawe; makombo yakaozea njiani.