Shule si ya Mwalimu Peke Yake

Mzazi anayemfikisha mtoto mlangoni mwa shule akageuka kwenda zake hajatimiza wajibu wake. Hilo ndilo tunalotaka kuwakumbusha ndugu zetu wa Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama, na wenzao wa mkoa mzima wa Singida.

Historia inatufundisha. Mwaka 1955, nafasi za masomo kwa watoto wa Kiafrika zilipokuwa haba chini ya mkoloni, wazazi wa Tanganyika waliunda chama chao, TAPA, wakajenga shule kwa nguvu zao. Hawakungoja kusukumwa.

Ada ya shule za msingi za Serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya sekondari za Serikali hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016. Ni jambo jema. Lakini wapo waliolielewa vibaya, wakadhani hata debe la mtama la uji wa watoto si lao tena. Kufutwa kwa ada hakukufuta njaa. Chakula cha shuleni kingali mikononi mwa wazazi.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Mzazi husita kutoa mahali asipoona hesabu. Basi Kamati ya Shule na ibandike ubaoni mapato na matumizi, kisha iyasome mkutanoni. Na asiye na kitu asitishwe, wala mwanawe asirudishwe nyumbani. Naye ana jembe na mikono.

Mavuno yaingiapo ghalani, fungu la shule litengwe kwanza. Mtoto mwenye njaa hasikii somo, hata mwalimu awe hodari namna gani.