Seraphino Antao, Mwana wa Mombasa Aliyetangulia

Jioni moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2022, baada ya sala ya isha, nilikuwa barazani na wenzangu hapa Mombasa tukinywa kahawa chungu. Vijana walikuwa na furaha kubwa. Ferdinand Omanyala alikuwa ameshinda mbio za mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, Uingereza, kwa sekunde 10.02, na mmoja wao akaapa kwamba hakuna Mkenya aliyepata kufanya hivyo tangu dunia kuumbwa. Nikamwuliza, "Wamjua Antao?" Akanitazama kana kwamba nimemtajia jina la dawa.

Sikumlaumu. Wa kulaumiwa ni mimi, na sababu yake nitakueleza, ndugu msomaji. Lakini kwanza nikujulishe mtu mwenyewe.

Seraphino Antao alizaliwa mjini humu humu mwaka 1937, mtoto wa Kigoa. Wagoa twawajua sana. Walikuwa makarani, washonaji na wapiga muziki, na kanisa lao na klabu zao tulipita mlangoni kila siku. Goa na Mombasa zajuana tangu zama za Wareno, na si kwa wema wote, kwani walioijenga Ngome mwaka 1593 walikuwa wakipokea amri zao kutoka Goa. Lakini hayo yalikwisha na wenyewe. Aliyebaki ni jirani, na mtoto wa jirani akakua na miguu ambayo kisiwa hiki hakijapata kuiona mfano wake.

Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kwenye Michezo ya Madola, na mwaka 1960 akaenda Roma kwenye Olimpiki. Kote huko hakurudi na medali. Kisha ukaja mwezi wa Novemba mwaka 1962, Michezo ikafanywa Perth, Australia. Kenya ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuwa mbele kwa mwaka mmoja na siku kidogo. Siku ya ufunguzi joto lilipita digrii 40, watu wakazirai. Sisemi kwamba joto lilimsaidia, ila mtu aliyezoea kaskazi ya Mombasa hafundishwi jasho.

Zamani zile mbio zilipimwa kwa yadi. Yadi 100 ni kama mita 91 na nusu, na uwanja haukuwa wa mpira kama wa leo, ulikuwa wa vumbi la makaa. Aliyeogopwa na wote alikuwa Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa wenye rekodi ya dunia. Katika fainali Jerome aliumia vibaya msuli wa paja, mashindano yake yakaishia hapo. Antao akamaliza wa kwanza kwa sekunde 9.5. Ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Kenya katika Michezo hiyo.

Wako waliosema, na wangali wako, kwamba ameshinda kwa kuwa Jerome alivunjika. Maneno hayo sikubaliani nayo hata kidogo. Mbio hukimbiwa na waliomo, na katika waliomo hakuna aliyempata. Tena hakuondoka na ile moja tu. Alirudi uwanjani akazikimbia yadi 220, akazishinda nazo kwa sekunde 21.1, na wa pili yake akaachwa mbali. Jerome mwenyewe, maskini, alidhaniwa hatakimbia tena, lakini alipona na mwaka 1966 akaja kuipata dhahabu yake kule Kingston, Jamaika.

Kipchoge Keino naye alikuweko Perth, kijana bado. Katika maili tatu alimaliza wa kumi na moja. Dhahabu zake na za Naftali Temu zilikuja mwaka 1966, na tangu hapo dunia ikatujua kwa mbio ndefu. Ndiyo maana vijana wetu wakiulizwa nani alianza, humtaja Keino. Wamekosea kwa miaka minne tu.

Atakuja mtu aniambie, "Bwana, huyo hakuwa wa dini yetu, ya nini kumsifu?" Mimi nitamjibu kwa tuliyofundishwa chuoni: Jibrili alimhimiza Mtume wetu (s.a.w.) juu ya haki ya jirani mpaka akadhani atamfanya kuwa mrithi, na jirani hakuwekewa sharti la dini. Na mbio zenyewe si upuuzi. Mtume alishindana na Bibi Aisha. Mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni badala ya ile.

Mwaka 1964 Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, kule Tokyo, na aliyeibeba bendera mpya mbele ya wenzake alikuwa huyu Mgoa wa Mombasa. Safari hiyo maradhi yalimwandama, hakupata kitu. Medali ikaletwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Baadaye Antao akaacha mbio, akahamia London, na huko akakaa mpaka mauti yalipomfika mwezi wa Septemba mwaka 2011, umri wake miaka 73.

Hapo ndipo penye kosa langu. Habari ya kifo ilinifikia mezani pangu. Siku hiyo nilikuwa na mambo ya siasa yaliyonionekea makubwa (leo siyakumbuki ni yapi), nikaandika mistari mitano. Ilipotoka gazetini ilikuwa mitatu. Kesho yake akanijia mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa karani wa shehena bandarini. Yeye ndiye aliyenisimulia tangu utoto wangu jinsi habari za Perth zilivyofika kwa redio, na watu wa gatini wakaulizana, "Ni yule wetu?" Akaliweka gazeti mapajani mwangu. "Mjomba," akaniambia, kwani ndivyo tulivyoitana sote wawili, "wewe watungia harusi za watu usiowajua, beti ishirini ishirini. Huyu ndiye wa mistari mitatu?"

Nilimwahidi beti. Akafa sijaziandika, wala hakunikumbusha tena. Usiku ule wa Omanyala nilirudi nyumbani nikatafuta kalamu, na kwa kuwa aliyeniomba hayuko wa kuisoma, naiweka hapa:

Alitoka kisiwani, ng'ambo akatuvukia,
Mara mbili uwanjani, dhahabu kajipatia,
Jina lake midomoni, mbona halikusalia?
Deni hili la zamani, Mjomba nakulipia.