Kiazi chenye pete ya kahawia: maganda yake yasifike bustanini

Umenunua sado ya viazi mviringo, watoto wanasubiri chipsi. Unakata kiazi cha kwanza na kukuta pete ya kahawia ndani, karibu na ganda. Ukikibinya, ute mweupe kama maziwa unatoka kwenye ile pete. Swali la kwanza la mzazi ni moja: watoto watadhurika?

Ugonjwa wenyewe hauambukizi binadamu. Unaitwa mnyauko bakteria, unasababishwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, na windo lake hasa ni mimea ya ukoo mmoja: viazi mviringo, nyanya, bilinganya na pilipili. Hata hivyo kiazi kilicholainika, kinachotoa maji na kunuka, kitupwe chote. Usihangaike kukata upande uliobaki mzima. Kilichoota ukungu nacho ni hivyo hivyo, kwani baadhi ya ukungu huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Hatari kubwa iko kwenye ndoo ya maganda. Nyumba nyingi zenye bustani ya mboga humwaga maganda na maji ya kuoshea viazi kwenye matuta, kwa nia njema kabisa ya kurutubisha udongo. Kama kiazi kilikuwa na ugonjwa, bakteria wanaingia kwenye nyanya kupitia mizizi na kuziba mirija inayopandisha maji. Mche unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani, jioni unajiinua kidogo, na baada ya siku chache umekufa. Mama anadhani ni kiu, anamwagilia zaidi, na maji yanabeba bakteria hadi mche wa jirani. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya, na bakteria wanaweza kukaa udongoni kwa miaka.

Kuna kipimo rahisi ambacho hata watoto watafurahia. Kata kipande cha shina la mche ulionyauka, kishikilie wima ndani ya glasi ya maji safi, sehemu iliyokatwa ikiwa imezama, na utulie dakika chache. Nyuzi nyeupe zikishuka kama moshi, ndio wenyewe. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome moto, kisha eneo hilo lipande mahindi au kabichi kwa misimu kadhaa.

Maganda ya viazi yachemshwe kabla ya kupewa mifugo, au yafukiwe kwenye shimo mbali na bustani. Na kiazi cha sokoni kilichochipua jikoni kisipandwe, hata kikionekana kizima: kinachotoka nyanda za juu zenye baridi kinaweza kubeba bakteria bila dalili yoyote.

Ugonjwa mwingine wa ukoo huu, baka jani chelewa, unamfikia mtoto kwa njia tofauti. Ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Hupenda baridi na unyevu, hivyo msimu wa mvua wakulima hupulizia nyanya dawa mara kwa mara. Vumbi jeupe unaloliona kwenye nyanya sokoni linaweza kuwa mabaki yake. Zioshe kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua kwa mkono, hasa zinazoliwa mbichi kwenye kachumbari. Ukipulizia za kwako, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo, na kopo hilo lisigeuzwe chombo cha nyumbani.

Ajabu ni kwamba kiazi kinachoweza kumwumiza mtoto huenda hakina ugonjwa wowote. Ni kile kilichogeuka kijani kwa kukaa kwenye mwanga. Kinakuwa na sumu ya solanini, inayoleta kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuharisha, na kukichemsha au kukikaanga hakuiondoi. Kikiwa kichungu, mtoto anayekikataa sahani nzima asilazimishwe. Viazi vihifadhiwe gizani, penye hewa, ndani ya gunia au kikapu.