Sumu Hulala kwenye Tope

Masika ikishika Matamba, vijito vinavyoteremka kwenda bonde la Usangu hubeba rangi ya mashamba ya viazi. Mvua ikikatika maji hutakata, na watu huchota wakiamini kwamba uchafu umekwenda zake. Haujaenda. Umetua chini.

Uliotua huitwa mashapo: mchanga, mabaki ya mimea na chembe laini za mfinyanzi. Chembe hizi ndizo za kuogopwa. Chuma kilichomo katika udongo mwekundu hunasa fosfeti ya mbolea ya kupandia. Dawa za ukungu nazo hufuata njia hiyohiyo. Mkulima wa viazi hana budi kupambana na ugonjwa wa bakajani, na baadhi ya dawa anazonyunyizia zina shaba, nyingine manganizi na zinki. Kemikali nyingi huvunjwa na jua na vijidudu. Metali haivunjwi na chochote. Hung'ang'ania chembe, ikasafiri nayo.

Na tope halikai kimya. Kwenye bwawa lililotulia, oksijeni ya chini ikiisha, chuma hubadilika na kuachia fosfeti kiliyoinasa. Mwani hustawi, ukifa huoza, na samaki hukosa pumzi. Kwa hiyo hata mbolea ikipunguzwa leo, tope la miaka iliyopita litaendelea kuulisha mwani huo. Ng'ombe wakivuka, au mchanga ukichimbwa, yaliyolala huibuka, pamoja na bakteria wa kinyesi ambao huishi muda mrefu zaidi ndani ya tope kuliko ndani ya maji matupu. Kuchemsha huua bakteria hao. Shaba hubaki sufuriani.

Ndiyo maana sampuli moja ya maji maangavu ya kiangazi hainiridhishi. Pimeni na tope.

Kulizoa tope ni kazi ghali, tena hulitibua. Nafuu ni kulizuia shambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazohatarisha chanzo cha maji ndani ya mita 60. Najua vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ndivyo vinavyolisha kaya nyingi wakati wa kiangazi, wala sisemi watu walale njaa. Lakini matete yaachwe ukingoni yachuje, matuta yakinge mteremko badala ya kuufuata, na bomba la dawa lisioshwe kijitoni: maji ya kusuuzia yanyunyiziwe palepale shambani. Maji ya vijito hivi huingia mto Ruaha Mkuu, yakafika mabwawa ya Mtera na Kidatu, na njiani kote kuna wanaoyanywa.