Jibu Kabla ya Kuondoka Kliniki

Kuna hesabu moja ndogo ya Kigali ambayo tangu niisome imekataa kunitoka moyoni. Wagonjwa wa kisukari 275, ambao picha za macho yao zilionyesha kwamba yapasa waonwe na daktari bingwa, waligawanywa kwa bahati nasibu mafungu mawili: fungu moja lilipewa jibu papo hapo, kwa kuwa picha zilisomwa na programu ya akili bandia, na fungu la pili likangojea siku 3 hadi 5 mpaka picha zisomwe na binadamu. Maradhi yalikuwa yale yale na rufaa ile ile; lakini miongoni mwa waliojibiwa papo hapo asilimia 51.5 walikwenda kwa bingwa, ilhali kwa waliongojea walikwenda asilimia 39.6 tu.

Jaribio hilo, liitwalo RAIDERS, lilichapishwa mwaka 2022, na jina la kwanza juu yake ni la Dkt. Wanjiku Mathenge, tabibu wa macho wa taasisi ya RIIO mjini Kigali, akishirikiana na shirika la Orbis. Si mgeni wa kadhia hii. Mwaka 2007 yeye na Dkt. John Nkurikiye na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wa upofu magharibi mwa Rwanda kwa watu wa miaka 50 na zaidi, wakabainisha kuwa sehemu kubwa ya upofu huo ilitokana na mtoto wa jicho, maradhi ambayo tiba yake yajulikana. Hoja yake, kama ninavyoifahamu katika maandishi hayo, ni kwamba kipimo hakitoshi kikiwa sahihi tu, bali sharti habari yake imfikie mgonjwa angali amekaa mbele ya muuguzi, kabla shughuli za dunia hazijamchukua. Na wagonjwa wenyewe hawakuiogopa mashine: walipoulizwa, walio wengi walisema waipendelea kuliko kungoja msomaji wa kibinadamu.

Hapa ndipo fikra zangu zilipohama kutoka kwenye kipimo zikaenda kwenye kisu, kwani anayepelekwa kwa bingwa huenda akaambiwa apigwe leza, au adungwe sindano ya jichoni, au afanyiwe upasuaji. Mtazame mzee aliyetiwa matone ya kupanua mboni: baada ya muda mfupi mwanga wa dirishani humuumiza, sura ya binti yake aliyekaa ubavuni huwa ukungu, na maandishi ya karibu hayasomeki kwa saa kadhaa, na huenda ikawa ni katika hali hiyo hiyo ndipo anapopewa karatasi ya ridhaa, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Anaridhia nini, ilhali haoni? Lau angalikuwa msomi wa kupigiwa mfano, saa hiyo angalikuwa sawa na asiyejua alifu.

Kwa hiyo chombo kimfaacho mtu huyu si maandishi ya kwenye simu, hata yakipambwa vipi, bali ni sauti: sauti tulivu ya Kinyarwanda iliyorekodiwa, isikilizwe kwenye kishikwambi pale benchini, kisha isikilizwe tena nyumbani kwa simu ya kawaida, mbele ya aila nzima. Imwambie bayana kwamba jicho halitolewi nje likarudishwa, kama wengi wanavyodhani. Kwamba katika upasuaji wa mtoto wa jicho aghalabu mtu huwa macho, ametiwa ganzi, amefunikwa kitambaa usoni, asikia mazungumzo ya watabibu, na akitaka kukohoa aseme kwanza. Kwamba lenzi iliyoingia ukungu huondolewa, ikawekwa ya plastiki mahali pake. Imwambie na lile zito pia, kwamba leza ya kisukari kwa kawaida hulinda nuru iliyobaki, wala si ya kurudisha iliyokwisha potea. Asiyeambiwa hili mapema hutoka akidhani amedhulumiwa.

Hata hivyo, ile asilimia 51.5 yanisumbua kwa upande wake wa pili. Karibu nusu ya waliojibiwa papo hapo hawakwenda. Je, ni nauli ya basi? Ni kutojua bima ya afya ya mituweli italipa kiasi gani? Au ni khofu ya kisu, ambayo hakuna mashine iliyoigusa? Na muuguzi, akishapata chombo cha kumsemea, ataongezewa nafasi ya kuwasikiliza wagonjwa, au ataongezewa wagonjwa? Swali hili la mwisho nadhani ndilo litakaloamua kila kitu, na jibu lake limo katika mikono ya wanaopanga bajeti, si ya waandishi wa programu.

Nawe msomaji uliye na mzazi mwenye kisukari, siku atakapopigwa picha ya jicho fuatana naye, wala msiondoke kabla hamjamwuliza muuguzi: jibu ni lipi, aende wapi, lini, kwa gharama gani, na atafanywa nini akifika. Mwombe muuguzi akubali uyarekodi maelezo yake kwa simu yako, umsikilizishe mzazi wako jioni.