Je, Wajua? Babu Akinyanyua Vyuma

Je, wajua kuwa misuli ya mtu wa miaka 90 bado hufundishika? Mwaka 1990, Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za wakazi kumi wa makao ya wazee mjini Boston, Marekani, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwakalisha kwenye mashine ya kunyoosha goti mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Wala hawakupewa uzito wa kubembeleza: baada ya siku chache za kuzoea, kila mmoja alisukuma asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao angeweza kuuinua mara moja. Mmoja aliishia njiani. Tisa waliobaki waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya zile walizoanza nazo. Wawili wakaacha kutembelea bakora.

Walipopumzika wiki nne, karibu theluthi moja ya nguvu zao ilipotea. Mazoezi ya namna hii hayana likizo ndefu.

Je, wajua kuwa kinywaji cha protini peke yake hakikufua dafu? Timu hiyohiyo ilirudi mwaka 1994 na wazee 100, wastani wa umri wao miaka 87, ikawagawa makundi manne: wa mazoezi, wa kinywaji chenye protini ya soya, wa vyote viwili, na wasiopata chochote kati ya hivyo. Baada ya wiki kumi, waliofanya mazoezi waliongeza nguvu za misuli kwa asilimia 113. Wasiofanya, asilimia 3. Kinywaji hakikubadilisha hesabu hiyo. Tena waliokunywa bila kufanya mazoezi walipunguza chakula chao cha kawaida, hata jumla ya walichokula haikupanda. Ni wale waliotoka jasho tu ambao kinywaji kiliwaongezea chakula badala ya kukiondoa sahanini.

Hapo ndipo penye ujumbe kwetu sisi watoto wenye heshima. Tunamnunulia mama kopo la unga wa protini kwa bei ya kuumiza, kisha akishika ndoo tunampokonya: “Mama, kaa, tutaleta wenyewe.” Adabu ni nzuri, lakini misuli haiijui.

Je, wajua kitanda hula nyama ya miguu? Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, watu wenye afya njema, wastani wa miaka 67, walilazwa siku kumi mfululizo bila ugonjwa wowote. Walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguuni. Mgonjwa halisi, mwenye homa na asiyetamani chakula, yuko pabaya zaidi.

Je, wajua mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana? Misuli yake huitikia chakula kwa uvivu, kwa hiyo wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, badala ya 0.8 ya mtu mzima wa kawaida. Mwenye kilo 60 atafute gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na nusu ya uzito wa dagaa wakavu, au zaidi, ni protini tupu. Meno yakigoma, dagaa husagwa na kuingia kwenye mchuzi. Shida kubwa ni asubuhi: chai ya rangi na kipande cha mkate, kisha kila kitoweo kinasubiri usiku. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza, maana kwake hesabu hii ni nyingine kabisa.

Je, wajua kiti cha mezani ni kipimo? Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Akizidi sekunde 15, wataalamu wa Ulaya huihesabu kuwa dalili ya udhaifu wa misuli. Zoezi lenyewe ni hilohilo, akilirudia siku mbili tatu kwa wiki na kuongeza idadi kadiri anavyoweza. Kiti kiegemezwe ukutani, na mtu awe karibu.